Nyuzi za Wilondja

Nilipoacha kazi, vijana wa karakana walininunulia saa ya ukutani. Ni zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa, lakini nimeitundika, na kila ikipiga naisikia iko chini kidogo ya noti inayotakiwa. Waliniomba na jambo moja zaidi: niandike jinsi gitaa la Wilondja na nyuzi zake vilivyopatikana, kwa sababu wateja huuliza na wao hawana la kujibu. Wanajua kwamba shingo ni fupi, kwamba uzi wa nne ni mwembamba kuliko ulivyo kwenye magitaa mengine, na kwamba jina huchomwa kichwani kwa msumari wa moto. Hawajui kwa nini. Basi nitawaambia, na kwa kuwa sina tena mtu wa kuniharakisha, nitaanzia mbali.

Niliingia Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, mwaka 1996, nikitokea upande wa Uvira, Kongo, pamoja na mke wangu, binti yetu Rehema, na randa moja niliyoifunga ndani ya blanketi. Nilikuwa seremala. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hawakungoja hiyo ya tatu. Tulipewa jembe, turubai na kipande cha ardhi sehemu ya kambi iitwayo Juru, tukaambiwa tulime maharage na mahindi. Mimi ni mkulima mbaya, na ardhi ililijua hilo mapema kuliko jirani zangu. Kilichoniokoa ni kanisa. Watu wetu walijenga kanisa la miti na udongo kabla hawajamaliza nyumba zao, na kabla kanisa halijapata mlango lilikuwa na kwaya. Kwetu kwaya isiyo na gitaa la umeme ni watu waliokutana kupiga kelele tu. Magitaa yalikuwa yamebaki nyuma, na aliyejitwalia tusimtaje. Mtu mmoja akakumbuka kwamba mimi ni seremala.

Gitaa langu la kwanza nililichonga kutoka ubao wa kitanda changu mwenyewe. Mke wangu bado analitaja. Mbao sikuwa na shida nazo, ila sikujua sauti inaingiaje kwenye waya, na hapo ndipo nilipoenda kwa Mzee Lubunga, fundi wa redio pale senta ya Juru, aliyekuwa na miwani ya kioo kimoja na hasira za watu wawili. Alinifundisha kutengeneza mikro, kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi na kuzisikia. Unachukua sumaku ya spika iliyokufa, unachukua waya wa shaba mwembamba kama unywele kutoka transfoma ya redio iliyokufa, unauzungusha kwa gurudumu la cherehani mpaka bobini ijae. Kisha unakizamisha chote katika nta ya mshumaa iliyoyeyuka, la sivyo kitapiga mayowe kanisani. Kazi yetu yote ilikuwa ya kuwafufua wafu, na hatukuwahi kuitolea ushuhuda.

Mzee Lubunga alikuwa na sheria moja. "Sikiliza kwanza, utafungua nyuma," alikuwa akisema, na akikuona umeshika bisibisi kabla hujasikiliza anakupiga nayo vidoleni. Alikufa kwa malaria kabla sijajua nusu ya aliyoyajua. Nilimchongea jeneza, na lilikuwa jeneza zuri. Mpaka leo nikikwama kazini huwa nakasirika kwamba hayupo wa kunitukana.

Jumapili ya kwanza gitaa lilizimika katika wimbo wa pili. Mchungaji wetu, mtu mwema ambaye nitamtaja tena, aliliwekea mikono na kuliombea mbele ya kanisa zima. Jumatatu mimi nililitia lehemu mahali waya ulipokuwa umeachia, na Jumapili iliyofuata likalia vizuri. Kanisa lilimshukuru Mungu kwa maombi ya mchungaji. Nilicheka mwenyewe nyumbani, na ningejua mambo kama hayo yangetufikisha wapi, nisingecheka.

Sasa nifike kwenye nyuzi. Nyuzi za kiwandani zilipatikana mjini Mbarara, lakini hazikuwa za watu wanaokula maharage ya mgao. Sisi tulitumia waya wa breki ya baiskeli. Ukiukata na kuufumua unapata nyaya nyembamba kadhaa, na kila mmoja ni uzi wa gitaa. Zile za besi unazivisha shaba. Sauti yake ni kali na nzuri, lakini waya huo una tabia moja: umesukwa pamoja na wenzake tangu kiwandani, na hata ukiufumua na kuukaza haunyooki kabisa. Ukipitisha kidole unasikia vimawimbi. Mpigaji anayeteleza kidole juu yake kila Jumapili ni sawa na mtu anayesugua ngozi kwenye msumeno mdogo. Wapigaji wote wa kambi walikuwa na sugu ngumu vidoleni na hakuna aliyelalamika, isipokuwa Wilondja, ambaye sugu hazikumshika.

Wilondja alikuwa mtu wa upande wa Fizi, mkubwa wa mwili na mdogo wa sauti, aliyeuza dagaa na sabuni pale pale senta. Mke wake aliitwa Mama Neema. Katika kwaya alipiga lile gitaa tunaloliita mi-solo, linalokaa katikati ya solo na lile la kusindikiza. Kwenye mi-solo uzi wa nne, ambao ni mnene, unatolewa, unawekwa mwembamba unaolia juu kwa noti nane, na mkono wa mpigaji haupumziki tangu wimbo uanze mpaka mchungaji achoke. Nimewasikia wapigaji wengi. Sijasikia mwingine aliyefanya wanawake waweke watoto chini ili wacheze kama yeye. Alivaa suruali nyeusi siku zote, hata siku kwaya nzima ilipovaa nyeupe, kwa sababu baina ya nyimbo alikuwa anafutia damu mapajani.

Vidole vyake vilipasuka na havikupona. Vilitunga usaha, vikapasuka tena. Mwishowe alikwenda kliniki ya kambini, na mimi nilimsindikiza. Nesi alikuwa mama wa Kinyankore, mkali na mwenye huruma, aliyesema nasi Kiswahili chake.

"Muzee, wewe iko na sukari," alimwambia. "Hii dawa unameza kila siku, bila kuacha. Na soda, chai ya sukari mingi, hapana. Halafu angalia hii vidonda. Vikikauka, jua sukari iko chini. Vikikataa, kuja mbio, ama tutakata kidole."

Alisema maneno mazuri, na ninamwamini mpaka leo kwamba kwa wagonjwa wengine wote yalikuwa ya kweli. Wilondja alinifuata mpaka kwangu. Akakaa juu ya mbao, akaweka mikono mapajani, viganja juu.

"Papa Rehema," aliniita, maana kwetu mtu huitwa kwa jina la mtoto wake. "Miye sina shamba, sina ng'ombe. Niko na hii vidole tu. Bakikata moja, mi-solo imekwisha, na miye nimekwisha. Unitengenezee gitaa yenye haitanikata."

Nilikubali, kwa kiburi cha fundi. Ilinichukua muda mrefu kuliko nyumba niliyoijenga.

Kwanza nilichoma nyaya za breki kwenye makaa ili zinyooke. Zilinyooka, na zikalegea pia, kwa sababu chuma cha namna hiyo kikichomwa kinapoteza nguvu. Ukizikaza asubuhi, mchana zimeshuka. Pili nilipanda gari kwenda Mbarara kununua seti moja ya kiwandani. Ilikuwa laini, inang'aa, na ilimkata vilevile. Hapo nikajifunza kwamba shida haikuwa vimawimbi peke yake. Kwenye shingo ndefu uzi unakazwa sana ili ufike kwenye noti yake, na uzi uliokazwa sana unakata nyama hata ukiwa laini kama hariri. Tena jasho la Wilondja lilikuwa kali. Lilizila nyuzi zile zikawa na kutu kabla hata hatujazizoea.

Basi nikaacha kutengeneza nyuzi peke yake, nikaanza kutengeneza vyote kwa pamoja. Nilikata shingo fupi, ili uzi ufike kwenye noti bila kukazwa sana. Uzi uliolegea ukaanza kugonga vyuma vya shingoni na kulia kama nzi ndani ya chupa. Nikavitoa vyuma vyote, nikavichonga upya kwa spoku za baiskeli, nikavisugua migongo mpaka vikawa mviringo. Sauti ikawa safi lakini nyembamba. Nikazungushia mikro shaba nyingi zaidi, nikaipandisha karibu na nyuzi. Mwili niliuchonga kwa musizi, mti mwepesi, kwa sababu ibada zetu ni ndefu na mgonjwa anasimama.

Zile nyaya za breki zilinishinda kwa muda mrefu. Dawa yake ilipatikana kwenye ubao. Nilipanga magurudumu madogo niliyoyatoa kwenye redio za kaseti, moja huku, moja kule, kama watu wanaopigiana pasi, nikauvuta uzi katikati yake polepole. Gurudumu linaukunja kushoto, la pili linaukunja kulia, na ukitoka mwisho umesahau kwamba uliwahi kusukwa. Kisha nikausugua kwa majivu na kipande cha ngozi, nikaupaka mafuta ya cherehani. Uzi wa kwanza uliotoka sawa nilimpa mke wangu aupitishe vidoleni huku amefumba macho. Alisema, "Sisikii kitu." Sijawahi kusifiwa hivyo.

Wilondja alilipiga gitaa lile katika maombi ya kufunga ya siku kadhaa, mchana kutwa. Yalipoisha alikuja kwangu akaniwekea mikono mbele ya macho. Vidole vilikuwa vikavu. Wiki zilizofuata vidonda vya zamani vilifunga, ngozi ikarudi, na nilichoma jina lake kwenye kichwa cha gitaa, herufi kubwa, ili mtu asije akafikiri ni la kwaya. Nilikuwa na furaha, naikumbuka vizuri, na ndiyo maana sipendi kuikumbuka.

Muda mfupi baadaye kwaya yetu ilialikwa Oruchinga, kambi ya jirani, kwenye mkutano wa makwaya. Baada ya nyimbo mchungaji alimwita Wilondja mbele atoe ushuhuda. Alinyanyua mikono yote miwili. Aliwaambia watu kwamba alikuwa na sukari, kwamba vidole vilikuwa vinataka kukatwa, na kwamba Bwana amemponya, ona. Watu walilia. Hata mimi nililia, maana alikuwa rafiki yangu na mikono ilikuwa imepona kweli. Kwenye chakula nikamwona ameshika chupa ya soda. Nikakaa karibu yake.

"Na dawa?" nilimuuliza.

"Dawa ya nini tena? Ule nesi alisemaka mwenyewe: vidonda vikikauka, sukari iko chini. Si unaona?"

"Vimekauka kwa sababu ya nyuzi, Wilondja. Nyuzi hazikukati tena. Damu yako ni ile ile."

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayejisifu. "Weye ulitengeneza gitaa, Papa Rehema. Nakushukuru. Lakini damu haukutengeneza."

"Twende tu wapime."

"Nilishatoa ushuhuda mbele ya batu bote," alisema. "Batu ba Oruchinga balilia. Sasa nikae ku mustari wa kliniki, banione? Baseme Mungu amenidanganya, ao miye ndiye nimedanganya Mungu?"

Nilikwenda kwa mchungaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole nisikate imani ya mtu. Nilikwenda kwa Mama Neema. Alisema mumewe hajawahi kulala vizuri hivyo. Nesi alituma ujumbe mara mbili, kisha akahamishwa. Siku moja nilichukua nyuzi za zamani, zile mbovu zenye vimawimbi, nikaziweka mfukoni nikaenda nyumbani kwake nimfungie kwenye gitaa. Niliwaza: zikimkata, vidonda visipopona, ataamini vidole vyake mwenyewe. Nilipofika nje nikamsikia anapiga. Nilisimama mpaka alipomaliza, nikarudi nazo.

Wakati huo huo jina lake lilikuwa linaenda mbele bila yeye. Mzee mmoja wa Mbarara, Tumwine, aliyekuwa akikodisha vyombo vya muziki kwa maharusi, alilisikia lile gitaa kambini akanifuata. "Sebo, tengenezea mimi hii," alisema. "Na waya zake. Vijana yangu nachoka vidole." Alinipa chumba chini ya kilima cha Kamukuzi, na huko ndiko karakana mnayoijua ilikoanzia. Nilikuwa Mbarara siku za kazi na Juru mwisho wa wiki. Wateja walikuwa wakiomba "Wilondja ya nyuzi" na "Wilondja ya gitaa", na wengi hawakujua kwamba ni mtu, anauza dagaa, na anakunywa chai ya sukari.

Alikanyaga mwiba. Ni hilo tu. Aliukanyaga shambani kwa jirani, na hakuusikia, kwa sababu miguu yake ilikuwa imeacha kusikia zamani na hakumwambia mtu. Mama Neema ndiye aliyekigundua kidonda, kwa harufu. Walipomleta hospitali Mbarara walinipigia simu, nikashuka kutoka karakana na vumbi la mbao kichwani. Wazee wawili wa kanisa walikuwa wamesimama kwenye kitanda, na daktari kijana alikuwa anamuuliza kama aliwahi kuambiwa ana sukari.

"Hapana," alisema Wilondja.

Daktari akauliza tena, labda akidhani hakusikia Kiswahili chake. Wilondja akawatazama wazee, akasema tena hapana.

"Anayo," nilisema mimi. "Tangu zamani. Aliacha dawa."

Wilondja aligeuza uso ukutani, na bila kunitazama akasema, "Papa Rehema, umenivua nguo mbele ya batu." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Walipima damu, wakamkata mguu siku ile ile, na walifanya walichoweza. Hakuimaliza wiki. Nilikwenda kila jioni, na kila jioni alikuwa amelala au amejifanya amelala.

Watu wakasema sikio la kufa halisikii dawa. Lile lilikuwa sikio zima kuliko yetu sote. Lilisikia alichoambiwa na nesi neno kwa neno.

Tulimzika Juru, katika jeneza nililolichonga mimi. Mchungaji alihubiri kwa machozi ya kweli, akasema kwamba Bwana hakumwacha mtumishi wake, kwa kuwa mkono alioutolea ushuhuda Oruchinga ulibaki mzima mpaka siku ya mwisho. Nilikuwa nimesaidia kumweka kwenye jeneza, na nilikuwa nimeitazama ile mikono. Alisema kweli. Ngozi ya vidole ilikuwa safi, haina hata kovu. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

Nyinyi endeleeni kuzitengeneza nyuzi hizo. Zina haki ya kuwapo, na wapo wapigaji wengi wenye damu nzuri na vidole vibovu. Magurudumu ya ubao yabadilisheni kabla hayajachimbika, na msinunue majivu ya mkaa wa mtu msiyemjua. Nami niliendelea baada yake, miaka kadhaa, mpaka masikio yangu yaliponishinda na 2015 nikawaachia funguo. Sikuwahi kubadilisha jina.

Siku ya mazishi, watu walipokuwa wananawa mikono ili wale, Mama Neema alinijia nyuma ya nyumba, nilipokuwa nimejificha na sahani yangu. Hakuwa analia. Aliniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Papa Rehema, kama ungemuachia nyuzi za zamani, angejua kama angali mugonjwa?"

Nilimwambia sijui. Akanishukuru kwa jeneza, akauliza kama nimepata nyama, akarudi kuwahudumia watu.

Angejua.